Kutazama na Kujua

Mwalimu wa historia ana taabu moja ambayo walimu wengine hawana. Mwalimu wa hesabu huandika namba ubaoni, na namba iliyoandikwa ndiyo namba yenyewe. Mwalimu wa elimu ya mimea aweza kuleta jani darasani, akalipasua, wanafunzi wakaona mishipa yake. Lakini jambo analofundisha mwalimu wa historia halipo. Limekwisha kupita, na waliolitenda wamo makaburini. Kwa hiyo, tangu zamani, mwalimu huyu amelazimika kufundisha kwa vitu vya badala: neno la mdomo kwanza, kitabu baadaye, kisha picha, na katika zama zetu picha inayokwenda na kusema. Kila badala iliyozuliwa ilisifiwa kuwa yaukaribia ukweli kuliko ile iliyoitangulia. Swali ninalotaka kulipima katika insha hii ni fupi: mtu aliyeonyeshwa mateso ya watu wengine katika kioo, amejua nini? Na je, kuonyeshwa huko kwamwachia deni?

Swali hili sikulikuta kitabuni. Nililikuta Magomeni, katika chumba cha uani nyuma ya duka, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, mahali ambapo mpwa wangu husomesha masomo ya ziada kila Jumamosi. Wanafunzi wake ni wa kidato cha tano na cha sita. Hufika kwa mabasi ya mwendokasi na kwa miguu, wengine wakivuka bonde la Jangwani kutoka Kariakoo, na hubanana thelathini katika chumba cha watu kumi na watano. Katika masomo ya historia ya vidato hivyo Marekani haikwepeki: mwanafunzi hana budi kujua jinsi nchi ile ilivyoinuka kuwa dola kubwa ya kibepari, na hana budi kujua habari za watu wa asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya. Vitabu ni vichache, na vilivyopo vyasema Kiingereza kisichomwonea mtu huruma. Mpwa wangu, ambaye ni kijana wa kutafuta njia, aliazima projekta, akatundika shuka nyeupe ukutani, akaunganisha simu yake na spika, akaniita. "Mjomba," akaniambia, "wewe hupenda kusema kwamba vijana hawasomi. Njoo uone wanavyosoma siku hizi."

Nilikwenda. Mtu mzima akialikwa kutazama jambo jipya la vijana, aghalabu huenda na lawama yake mfukoni, na mimi sikuacha yangu nyumbani. Lakini kwa muda wa saa nzima sikupata nafasi ya kuitoa. Tuliona mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, mwezi wa Mei 1963: watoto wa shule walioandamana kupinga ubaguzi wa rangi, mbwa wa polisi wakiwarukia watu, na mipira ya maji ya zimamoto yenye nguvu ya kumwangusha mtu na kumburura barabarani. Tuliona Washington, tarehe 28 Agosti ya mwaka ule ule, watu zaidi ya 200,000 wamekusanyika, na Martin Luther King akihutubia. Kisha picha ikaondoka, ikabaki sauti tupu. Ilikuwa sauti ya Fountain Hughes, mzee aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia na kurekodiwa mjini Baltimore mwaka 1949. Mwenyewe alisema kwamba umri wake ulikuwa miaka 101. Maktaba ya Bunge la Marekani imeihifadhi sauti hiyo, na mtu yeyote mwenye simu na bando aweza kuisikia. Msichana mmoja aliyekaa karibu nami alilia. Hakulia kwa kelele. Alijifuta tu kwa ncha ya mtandio, akaendelea kuandika.

Sikatai kwamba hii ni neema kubwa. Nilipokuwa mwanafunzi mimi, utumwa wa Marekani ulikuwa aya tatu katika kitabu kilichosomwa na watu wanne kwa zamu, na mtumwa mwenyewe alikuwa neno. Hapa alikuwa mtu mwenye kikohozi na kicheko, anayekumbuka na kusahau kama mzee yeyote wa mtaani. Mtu asikudanganye kwamba kitabu peke yake chaweza kazi hiyo.

Hata hivyo, mambo mawili yalitokea siku ile, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza ni cheko. Maji ya mpira yalipompiga kijana mmoja wa Birmingham na kumzungusha mpaka ukutani, mvulana mmoja aliyekuwa nyuma ya chumba alicheka. Wenziwe walimzomea, mpwa wangu akasimamisha picha, na mvulana akainamisha uso kwa haya. Sidhani kwamba alikuwa na moyo mbaya. Nilimtazama sana, alikuwa mvulana wa kawaida, mwenye adabu, aliyenipa kiti chake nilipoingia. Alicheka kwa sababu kila siku, katika kioo hicho hicho cha simu, huona watu wakianguka, na wale wanaoanguka humo huanguka ili wachekwe. Yule anaanguka baiskelini, huyu anateleza harusini, mwingine anamwagiwa maji na rafiki zake. Macho yake yamefundishwa na shule nyingine, ya saa nyingi zaidi kuliko shule ya mpwa wangu, kwamba mwili unaoruka katika kioo ni mchezo. Kwa hivi, chombo hakiingii darasani peke yake. Huingia pamoja na desturi zake zote kilizozipata mtaani. Kitabu nacho kina desturi zake: huleta usingizi, na huleta majivuno kwa waliokisoma. Lakini hakuna aliyewahi kucheka kwa bahati mbaya alipokuwa akisoma habari za kifo.

La pili lilitokea umeme ulipokatika. Projekta ilizimika, spika ikanyamaza, na katika kimya kile tulisikia sauti ya mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini na zaidi, ambaye alikuwa amekaa uani akichambua mchele katika ungo. Akauliza kupitia dirishani:

"Wajukuu zangu, tangu asubuhi nasikia Marekani, Marekani. Mnajifunza nguo?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na safari hii hakuna aliyezomewa. Mwanafunzi mmoja akamjibu kwa upole, "Shikamoo Bibi. Si nguo. Ni nchi, Bibi. Tunasoma historia."

"Marahaba. Nchi naijua," akasema bibi. "Mimi nauliza marekani, nguo. Bibi yangu alikuwa nayo kule Uzaramo. Nzito, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Ukiifua sana ndipo inakuwa nyeupe." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Hapana mtu katika chumba kile, pamoja na mwalimu na mjomba wake, aliyetambua mara moja kwamba bibi alikuwa ameingia katikati ya somo. Mimi nilitambua usiku, nikiwa nimelala. Marekani ni nguo ya pamba isiyopaushwa, na imeitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali yao, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem alikaa Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Walileta nguo hii. Walichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Nguo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba yake ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba ya kusini, Alabama na Mississippi na majirani zake, na kabla ya mwaka 1865 aliyeipanda na kuichuma alikuwa, kwa sehemu kubwa, mtumwa mwenye asili ya Afrika.

Nguo hiyo haikukaa Unguja. Ilivuka bahari hadi Mrima, ikafungwa mizigo, ikapanda mabegani mwa wapagazi, ikaenda Unyamwezi na Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti moja la New York kumtafuta Livingstone, aliinunua kwa wingi mwaka 1871 kabla ya kuondoka pwani, kwa sababu bila nguo hakuna njia wala chakula. Ilinunua pembe, na katika masoko mengine ilinunua watu. Baadhi ya watu hao walibebeshwa pembe kurudi pwani. Na pembe ilipofika Marekani, nyingi ilikwenda katika jimbo la Connecticut, ikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vitufe vya piano. Hata sandarusi, ambayo Wazaramo na jirani zao waliichimba katika ardhi hii hii inayozunguka Dar es Salaam, ilikwenda Salem kusafishwa, ikawa vanishi ya kung'arisha meza na viti.

Tazama basi jinsi duara lilivyofungwa. Mtu aliyetiwa utumwani kusini mwa Marekani alichuma pamba. Pamba hiyo ikawa nguo. Nguo hiyo ikanunua mtu mwingine kando ya Ziwa Tanganyika. Wawili hao hawakujuana, na wala mmoja wao hakuwa na habari kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa mnyororo wa mwenzake. Hakuna chozi la msichana yule, wala cheko la mvulana yule, lililomfikia mtu wa pili. Kwa nini? Kwa sababu hayumo katika picha.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Picha humpa mtazamaji mahali pa kukaa, na mahali hapo ni pa mtu asiye na hatia. Sisi tuliokuwa Magomeni tulikuwa tumekaa gizani, na wao walikuwa katika mwanga wakipigwa. Sisi tuliwahurumia, na huruma hiyo ilitufanya tujione wema. Kila mmoja alitoka mle chumbani akiamini kwamba lau angalikuwako Birmingham angaliandamana pamoja na watoto. Mimi pia niliamini. Lakini historia yenyewe haikutupa kiti cha mtazamaji. Ilitukalisha ndani ya jambo, wengine upande wa walioumizwa na wengine upande wa walioumiza, na pwani yetu ilikuwa na watu wa pande zote mbili, pengine katika ukoo mmoja. Waliokuwa wakinunua na kuuza watu kwa marekani hawakuwa Wamarekani tu, wala Waarabu tu.

Huenda msomaji akasema: je, huruma yahitaji nasaba? Mtoto wa Magomeni akimlilia mtoto wa Birmingham, wewe wataka nini zaidi? Hoja hii ni nzito na siwezi kuiruka. Mwezi ule ule wa Mei 1963, wakuu wa nchi za Afrika walipokusanyika Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Milton Obote wa Uganda alimwandikia Rais Kennedy barua ya wazi kulalamikia mbwa na maji ya Birmingham. Habari na picha ndizo zilizomfikia, hakuwako. Mwaka 1955 mama yake Emmett Till, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, alitaka jeneza la mwanawe liachwe wazi ili watu waone walichomtenda, na picha ya uso ule ikachapishwa ikaamsha maelfu. Malcolm X alipofika Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1964, alikuja kuomba jambo lile lile: kwamba Afrika itazame na isigeuze uso. Hapana shaka kuna kutazama ambako ni wajibu, na mwenye kukataa kutazama aweza kuwa na hatia kuliko mwenye kutazama vibaya.

Lakini angalia tofauti. Mama Till alitoa ruhusa, na alijua anachokitaka kwa kila aliyetazama: alitaka aondoke akafanye jambo. Obote alitazama akashika kalamu. Kutazama kwao kulikuwa na mlango wa kutokea. Mwanafunzi wetu ameonyeshwa jambo lililokwisha miaka sitini iliyopita, katika nchi asiyoweza kuipigia kura wala kuiandikia barua, na mlango pekee aliofunguliwa ni mlango wa chumba cha mtihani. Huruma isiyokuwa na mahali pa kwenda hugeuka kuwa burudani ya moyo. Nasema hivi kwa sababu nimeiona ndani yangu. Nilipokuwa nikisikia sauti ya mzee Hughes nilihisi utamu fulani wa huzuni, na sikuupenda nilipoutambua.

Kuna jambo jingine kuhusu sauti ile. Wamarekani, kwa kuchelewa sana, waliwafuata wazee waliokuwa watumwa wakiwa na mashine za kurekodi, na wachache wakasikika kabla ya kufa. Ndiyo sababu Hughes yuko katika simu ya mpwa wangu. Nani yuko katika simu hiyo kutoka upande wetu? Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ameacha maisha yake kwa Kiswahili kizuri, na tafsiri yake pamoja na maneno yake mwenyewe vilichapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kitabu chenye thamani, nami nakipenda. Lakini ni kitabu cha mwenye pembe. James Mbotela aliandika "Uhuru wa Watumwa", kilichotolewa mwaka 1934, kutokana na habari za wazee wake waliokombolewa, na wamisionari waliandika masimulizi machache ya watu waliokimbilia kwao. Baada ya hayo ni kimya. Wale waliopita na mizigo kichwani kuja pwani, wakalala njiani, wakafa au wakafika, hawana sauti wala sura.

Kwa hiyo chombo kipya, pamoja na ukarimu wake wote, hutoa kile kilichowekwa ndani yake tu. Hufundisha historia ya waliorekodiwa. Taifa tajiri huhifadhi hata aibu zake, na aibu iliyohifadhiwa huwa somo la dunia nzima. Taifa maskini husahau hata vifo vyake. Kijana wa Magomeni atakua akijua mitaa ya Birmingham, na huku kila siku anapita Kariakoo bila kujua kwamba jina hilo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita, waliowekwa kambi mahali pale na Waingereza baada ya mji huu kutekwa mwaka 1916. Nao hawakurekodiwa. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi yaliyo chini yake, ambayo watu wanaopita hawayasomi.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kufundishwa kwa kioo kilichoshikwa na mwingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio kubwa la kufundisha Waafrika kwa sinema. Meja Notcutt na wenziwe walitengeneza filamu, wakazitembeza kwa lori Tanganyika na nchi jirani, na sauti ikatoka katika sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa. Fedha nyingi za jaribio hilo zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Baadaye ikaja idara ya sinema ya serikali ya kikoloni, na mkuu wake William Sellers aliamini kwamba akili ya Mwafrika wa kijijini haiwezi kufuata picha za haraka. Basi afanyiwe picha za polepole, zenye jambo moja moja. Kuna kisa mashuhuri cha zama hizo, ambacho Marshall McLuhan alikirudia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye filamu walishangaa, kwa maana hawakuwa na habari ya kuku yeyote. Wakaipitia picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa nukta moja, kuku alikuwa amepita pembeni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba mtu asiyesoma hajui kutazama. Mimi nakisoma kinyume. Kuku alikuwamo. Waliotengeneza filamu ndio ambao hawakumwona, kwa sababu walijua mapema kitu wanachotaka kionekane. Bibi wa Magomeni naye alimwona kuku. Sisi tuliokuwa ndani tulisikia jina la nchi kwa muda wa saa nzima tukafuata yale tuliyokusudiwa kuyafuata. Yeye aliyekuwa nje ya dirisha, asiyeona picha hata moja, alisikia nguo.

Nilimweleza mpwa wangu mawazo haya, naye hakunikubalia upesi. "Mjomba," akasema, "mtihani hauulizi marekani ya bibi. Wanafunzi hawa wamelipa nauli. Nikianza kuwaeleza habari za sandarusi, mzazi ataniuliza ninafundisha nini." Alikuwa na haki. Ni rahisi kwa mtu wa insha kumtwika mwalimu mzigo ambao hatausaidia kuubeba. Tena aliongeza neno ambalo lilinigusa: kwamba wanafunzi wake hawajawahi kuona katika kioo watu weusi wakisimama pamoja kwa utulivu namna ile, bila vita wala njaa, na kwamba jambo hilo peke yake lina thamani kwao. Sikuwa na jibu. Nafikiri ni kweli.

Tulikubaliana katika jambo moja tu. Zamani nilikuwa nikividharau vibanda vya video vya uswahilini, ambamo mtu mwenye kipaza sauti husimulia kwa Kiswahili filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani, akisema juu ya maneno ya wachezaji, akitania, akionya, akileta mithali zake. Lufufu alijipatia jina kubwa katika mji huu kwa ufundi huo, na Kenya na Uganda nao wana wasimulizi wao. Niliona kwamba wanaiharibu filamu. Sasa naona kwamba walijua jambo ambalo sisi wasomi tumelisahau: hawakuiacha picha iseme peke yake. Msimulizi wa kibandani haoni haya kumwambia shujaa wa filamu kwamba amekosea, wala kumfananisha na mtu wa mtaa wa pili. Watazamaji wake hukumbushwa kila dakika kwamba wamekaa katika benchi la mbao, Dar es Salaam, na kwamba wana haki ya kujibu. Mwalimu akiwa na ujasiri wa namna hiyo, akaisimamisha picha si kwa sababu ya cheko tu, bali akauliza, "Katika saa hii hii, sisi tulikuwa wapi?", hapo mashine imekuwa mtumishi wa somo.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alikwenda Kariakoo asubuhi kutafuta marekani. Katika maduka ya Mtaa wa Uhuru kijana aliyekuwa akiuza vitenge hakulijua neno hilo kama jina la nguo. Mzee aliyekaa nyuma ya meza ya fedha ndiye aliyelijua, akacheka, akamtolea pamba isiyopaushwa kutoka rafu ya chini, akampimia mita tatu na nusu kwa bei ya doti. Darasani haikuwashwa projekta mpaka nguo hiyo ilipopita mkono kwa mkono. Mvulana aliyecheka wiki iliyotangulia aliikunjua, akainusa, akauliza kama mpagazi aliyeibeba alikuwa akilipwa. Mpwa wangu akasema kwamba wengine walilipwa, Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, na wengine walikuwa watumwa wasiolipwa chochote. Mvulana akataka kusikia sauti ya mmoja wao, kama walivyosikia ya yule mzee wa Baltimore. Mpwa wangu aliitazama simu yake, kisha akaiweka mezani.

Bibi aliletewa nguo uani. Aliisugua kwa kidole gumba, akasema kwamba ni nyepesi kuliko ile ya bibi yake. Kisha akaiweka kwenye kiwiko, akaanza kuipima kwa mkono kama wapimavyo watu wa zamani: mikono minne ni upande mmoja, pande mbili ni doti. Wanafunzi wakahesabu pamoja naye. Alipofika mkono wa nane nguo haikutosha, akamtazama mpwa wangu kwa masikitiko, akamwambia kwamba amepunjwa.